Kionyeshwe kwanza, kipakwe baadaye: kuhusu masundosundo na ngozi ya sehemu za siri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Sisi ni watoa huduma wa magonjwa ya ngozi mkoani Mtwara, na tunachotaka kusema ni kimoja: chochote kinachoota, kinachowasha au kinachochubuka sehemu za siri kionyeshwe kwanza kwa mtu aliyesomea, ndipo kipakwe dawa. Kwetu huku, kuanzia Kilwa hadi Newala, mambo huenda kinyume. Mtu akiona kinyama kwenye uume au pembeni mwa uke, kwanza hunyamaza. Akichoka kunyamaza huenda duka la dawa muhimu na kuagiza "tyubu ya fangasi" huku akitazama pembeni, au huomba kwa jirani mafuta ya maganda ya korosho. Anapofika hospitali, kinachoonekana ni kidonda kilicholetwa na dawa, na ugonjwa wenyewe umejificha chini yake.

Muuza duka hana kosa kubwa hapo. Hakuonyeshwa kitu, alitajiwa jina, naye akauza dawa ya jina hilo.

Masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri, huletwa na kirusi cha papiloma, HPV. Aina zake zinapita 200, na takriban asilimia 90 ya masundosundo ya sehemu za siri hutokana na mbili tu, ya 6 na ya 11. Hizo si zile zinazoongoza kuleta saratani ya shingo ya kizazi. Saratani hiyo, kwa kiasi cha asilimia 70, hutokana na aina ya 16 na ya 18. Tunalitaja hili mapema kwa sababu wapo ambao wakisikia "HPV" tu huanza kuandika wosia. Hata hivyo mtu mmoja anaweza kubeba aina zaidi ya moja, kwa hiyo mwanamke mwenye masundosundo asiache kupimwa shingo ya kizazi umri wake unapofika: kwa kawaida miaka 30 hadi 50, na mapema zaidi kwa anayeishi na VVU.

Sundosundo changa ni kinyama laini kisichouma, chenye rangi ya ngozi au cheusi kidogo. Likiachwa huweza kukua, juu likachanua, na mengi yakishikana hufanana na kilemba cha jogoo. Hupenda mahali ngozi inaposuguana na penye unyevu: chini ya kichwa cha uume, kwenye tundu la mkojo, mlango wa uke, sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, na kuizunguka njia ya haja kubwa yenyewe, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuingiliwa huko. Pakavu, kama kwenye kinena au shina la uume, huwa bapa na gumu zaidi. Huweza kuwasha, na likikwaruzwa hutoa damu kidogo. Likitoa usaha, likinuka au likiuma sana, basi limeingiwa na vijidudu vingine au si sundosundo.

Tangu kirusi kuingia mpaka kinyama kuonekana, mara nyingi hupita miezi 2 au 3, lakini huweza kuwa wiki chache au zaidi ya mwaka. Hupita ngozi kwa ngozi. Kondomu hupunguza hatari, ila haifuniki kinena wala mfuko wa korodani. Ukiyaweka haya mawili pamoja utaona kwa nini swali la "nani kaleta?" halina jibu la kitabibu. Hakuna kipimo cha damu kinachotaja siku ya maambukizi wala mtu aliyeambukiza. Mke anaweza kuota leo kwa kirusi alichokuja nacho kabla ya ndoa, na mume akawa nacho bila kuota chochote maisha yake yote. Talaka zinazotolewa kwa ushahidi wa masundosundo peke yake zinatolewa kwa kubahatisha.

Kabla ya kufika kwenye dawa, tuseme juu ya vitu vinavyofananishwa na masundosundo, maana hapa ndipo watu huumia.

Vingine si ugonjwa kabisa. Wanaume wengi, hasa vijana, wana vipele vidogo vya rangi ya ngozi vilivyolingana ukubwa, vimejipanga mstari mmoja hadi mitatu kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume. Haviongezeki, haviambukizi, havina dawa kwa sababu havihitaji. Wanawake nao huwa na vinyama laini ndani ya mlango wa uke, vimepangika sawasawa kushoto na kulia, kila kimoja na shina lake; sundosundo huwa na shina moja na vichwa vingi, na halifuati mpangilio. Kuna pia vidoa vya manjano chini ya ngozi ya uume au ya mashavu ya uke, ambavyo ni tezi za mafuta. Anayechoma vitu hivi anachoma ngozi isiyo na kosa. Na ule ushauri unaozunguka kwenye simu, eti paka siki ukiona weupe ujue ni HPV, haufai kwa ngozi ya nje, kwani mchubuko wowote au muwasho wa kawaida nao huweza kugeuka mweupe. Siki inayotumika kliniki hupakwa kwenye shingo ya kizazi, na anayeitazama amefundishwa kutofautisha weupe na weupe.

Mfanano ulio wa hatari zaidi ni wa kaswende ya hatua ya pili. Wiki kadhaa baada ya kile kidonda cha kwanza kisichouma, ambacho wengi hawakuwahi kukiona, hutokea vinyama bapa, vipana, vyenye unyevu, vya kijivu au vyeupe, kwenye mashavu ya uke au kuzunguka njia ya haja kubwa. Vimejaa bakteria na vinaambukiza sana. Mtazame mgonjwa viganja na nyayo: mara nyingi utakuta madoa yasiyowasha, mwulize kama nywele zinakatika vipandevipande. Vinyama hivi ukivipaka podofilini, dawa ya kuchoma masundosundo, vinaweza kunywea kwa muda, mgonjwa akashukuru, na kaswende ikaendelea kuelekea moyoni, kwenye ubongo, au kwa mtoto aliye tumboni. Tiba yake ni sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, kwa hatua hii mara moja tu, ambayo kwa kawaida hugawanywa makalio yote mawili, na mwenza naye atibiwe. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kila mwenye masundosundo atobolewe kidole apimwe kaswende na VVU kabla ya tone la kwanza la dawa. Majibu ya kipimo cha haraka hayazidi nusu saa.

Wa pili tunaoukumbusha ni kichocho, na huu ni wetu hasa watu wa pwani ya kusini. Kichocho cha mkojo hakiishii kwenye kibofu. Mayai ya minyoo huweza kukwama kwenye ngozi ya uke na shingo ya kizazi, yakaleta vinundu vinavyofanana kabisa na masundosundo, au mabaka yenye punje kama za mchanga, pamoja na damu baada ya tendo la ndoa na maumivu ya kinena yasiyoisha. Msichana anayefulia mtoni au anayepandikiza mpunga kwenye maji yaliyotuama akiota vinyama, aulizwe pia kuhusu mkojo wa damu na apimwe mkojo. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ya kumeza. Vinundu hivyo ukivichoma kwa asidi umemwachia minyoo wote tumboni, na pengine umemwachia jina baya ambalo hakustahili.

Halafu kuna mwenye busha au tende la korodani la miaka mingi. Ngozi yake huwa nene, ikatoa vinundu na wakati mwingine ikavuja maji. Hayo si masundosundo na hayakatwi na wembe. Huoshwa kwa sabuni na maji safi kila siku, mikunjo hukaushwa vizuri, na mgonjwa huandikishwa kwa ajili ya upasuaji.

Vipele vya mviringo, vinavyong'aa, vyenye kishimo katikati, ni vya kirusi kingine, moluska. Kwa mtu mwenye kinga nzuri huisha vyenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Visikamuliwe, na asinyoe juu yake, kwa sababu wembe huvipanda mstari mzima. Malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja, yanayochoma kabla ya kupasuka na kurudi palepale, ni ya herpesi, nayo ina dawa ya kumeza inayofanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku 3 za mwanzo.

Sasa dawa za masundosundo. Zote huondoa kinyama. Hakuna hata moja inayoondoa kirusi chote mwilini. Kirusi huondolewa na kinga ya mwili, kwa watu wengi ndani ya miaka 2. Kwa hiyo kiasi cha mtu 1 kati ya 3 atayaona yakirudi katika miezi michache ya kwanza. Kurudi huko hakumaanishi dawa ilikuwa feki wala kwamba mwenza ametoka nje. Mengine hupotea bila dawa yoyote, na mtu mwenye mawili matatu madogo yasiyomsumbua anaruhusiwa kusubiri, mradi yameshaonwa na vipimo vimefanyika.

Dawa iliyozoeleka kwenye vituo vyetu ni podofilini ya maji ya kahawia, asilimia 10 hadi 25. Hii hupakwa na mhudumu, haipewi mgonjwa akaenda nayo nyumbani. Ngozi nzima iliyo pembeni hupakwa kwanza mafuta ya mgando. Kisha kijiti chembamba chenye pamba kidogo huchovywa, dawa ikaguswa juu ya kinyama tu, isizidi nusu mililita kwa siku moja, na eneo lote lisizidi sentimita 10 za mraba. Mgonjwa hubaki amelala miguu imeachana mpaka ikauke. Akiinuka mapema, mapaja hugusana na dawa huhamia upande wa pili. Vidonda vingi vinavyodaiwa kuletwa na "dawa kali" vimetokana na dakika hizo chache. Baada ya saa 1 hadi 4 anaiosha kwa maji na sabuni. Hurudiwa kila wiki, na kama baada ya wiki 4 hadi 6 hakuna mabadiliko ya maana, njia ibadilishwe. Ikiachwa ikalala usiku kucha, ikipakwa juu ya kidonda kibichi au ndani ya uke, huingia kwenye damu na kuleta kutapika, ganzi ya miguu, hata kupoteza fahamu. Mjamzito haguswi na podofilini kamwe.

Kwa mjamzito kuna asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 80 hadi 90, ambayo haiingii kwenye damu. Kinyama huguswa mpaka kigeuke cheupe kama barafu. Huchoma kwa dakika 5 hadi 10. Ikimwagika, ngozi hunyunyiziwa poda au hupakwa sabuni ya maji mara moja ili kuipunguza nguvu. Ujauzito huyakuza masundosundo, na wengi huyaona yakinywea yenyewe baada ya kujifungua. Kupasuliwa si lazima, isipokuwa yameziba njia au yanaweza kutoa damu nyingi. Njia nyingine ni kugandisha kwa naitrojeni ya maji, kuchoma kwa mashine ya umeme na kukata kwa ganzi. Makubwa, na yale ya ndani ya njia ya haja kubwa au tundu la mkojo, yapelekwe moja kwa moja hospitali ya rufaa.

Zipo mbili za kujipaka nyumbani, zikipatikana. Podofilotoksini ya asilimia 0.5 hupakwa asubuhi na jioni kwa siku 3, kisha siku 4 za kupumzika, mizunguko isiyozidi 4. Krimu ya imikimodi ya asilimia 5 hupakwa usiku mara 3 kwa wiki, ikaoshwa baada ya saa 6 hadi 10, kwa muda usiozidi wiki 16. Wekundu na kuchubuka kidogo ni kawaida. Ngozi ikifunguka kuwa kidonda, pumzika mpaka ipone. Usiongeze dozi kwa hasira. Nazo hizi mjamzito asizitumie.

Kwa anayeishi na VVU masundosundo huwa mengi, makubwa, na hurudi mara kwa mara. Asikatize ARV ili "apishane na dawa ya ngozi". Havigongani.

Tuje kwenye mafuta ya maganda ya korosho. Katika ukanda huu hakuna dawa ya kienyeji ya masundosundo iliyo karibu na mkono kuliko hiyo. Maji yale meusi ya ganda yana asidi ya anakadiki na kadoli, ambayo ni jamaa wa karibu wa sumu za mimea inayobabua. Ni kweli huunguza kinyama. Tatizo ni kwamba huunguza na kila kinachokizunguka, na ngozi ya sehemu za siri ni nyembamba mno. Tena kwa watu wengine mwili huwa umeshajenga mzio baada ya misimu kadhaa ya kubangua, na hapo tone dogo huleta malengelenge na uvimbe unaotokea siku moja hadi tatu baadaye, wakati mtu ameshasahau alichopaka. Kovu lake hubaki jeusi au jeupe. Utomvu wa mnyaa na maji ya betri viko kundi hilohilo. Kufunga kinyama kwa uzi nako hukifanya kife juu na kuoza chini.

Wanaobangua kwa mkono wanapata ugonjwa huohuo hata bila kujipaka. Mafuta hubaki vidoleni, mtu akaenda msalani, akajishika. Mwanamume hupata uvimbe wa govi au wa mfuko wa korodani, mwanamke hupata mashavu ya uke yaliyochubuka, na wote wawili huambiwa ni ugonjwa wa zinaa. Paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, au vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni kabla ya kwenda haja, si baada tu. Vumbi la salfa wakati wa kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nalo hukusanyika kwenye jasho la kinena na kuunguza. Aliyepulizia abadilishe hata nguo ya ndani, aoge siku hiyohiyo. Muwasho uliokuja na msimu na ukaondoka na msimu mara chache ni fangasi.

Na fangasi nao tuwaseme. Fangasi wa mapajani huwa na ukingo ulioinuka unaotambaa nje huku katikati pakipona, na mara nyingi huuruka mfuko wa korodani. Wale wa kandida hupenda mikunjo yenyewe, huacha wekundu unaong'aa na vidoa vidogo pembeni. Wakirudi mara kwa mara, pima sukari ya damu. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hutosha kwa fangasi wa mapajani: mara 2 kwa siku, ikipita ukingo wa ugonjwa kwa sentimita 2, kwa wiki 2 hadi 4, na wiki moja zaidi baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi huacha siku ya tano kwa sababu muwasho umekoma.

Tyubu tunayoilalamikia ni ile ya mchanganyiko wa tatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kama betamethasoni, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Inapendwa kwa sababu muwasho hukoma usiku uleule. Kinachoukomesha ni steroidi, na steroidi hiyohiyo huwanyima fangasi upinzani. Wanaenea kimyakimya, ukingo unafutika, na hata mtaalamu hupata shida kuwatambua. Ngozi ya korodani hunyonya steroidi takriban mara 40 kuliko ngozi ya mkono wa mbele. Miezi miwili mitatu ya tyubu hiyo huacha kinena chenye michirizi ya kudumu, ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, na muwasho unaorudi kila dawa inapoachwa. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wangetusaidia sana kama wangempa mteja klotrimazoli tupu na kumwelekeza zahanati ikishindikana.

Kuna jambo moja dogo linalopotezewa kila siku. Mtu ana doa la mviringo, jeusi au la zambarau, kwenye kichwa cha uume au midomoni, wakati mwingine likiwa na lengelenge. Linapona, linaacha weusi, kisha miezi baadaye linarudi palepale. Hutibiwa kama kaswende, kama herpesi, kama kila kitu. Mwulize alimeza nini saa chache kabla. Mara nyingi jibu ni kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, au doksisaiklini, au dawa ya maumivu. Huo ni mzio wa dawa. Na akipewa tena dawa hiyohiyo ili kutibu "kidonda", kidonda kinaongezeka. Aandikiwe jina la dawa kwenye kadi yake na asiimeze tena.

Upele nao hujificha huku. Vinundu vigumu vinavyowasha usiku kwenye uume na korodani, huku vidoleni na kiunoni kukiwasha pia, ni upele mpaka ithibitishwe vingine. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni, ikaachwa usiku kucha, ikarudiwa baada ya siku 7. Nyumba nzima hupaka usiku mmoja. Nguo na shuka hufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani, au hufungwa kwenye mfuko kwa siku 3 au 4. Muwasho huendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakishakufa, kwa hiyo asirudie dawa kila jioni.

Akina mama waliokoma hedhi, na wakati mwingine wasichana wadogo, hupata ngozi nyeupe, nyembamba, inayowasha kupita kiasi na kupasuka karibu na uke. Hiyo haiambukizi na wala si uchafu. Inahitaji steroidi kali kwa mpangilio wa miezi, chini ya uangalizi, maana ikiachwa huweza kuziba njia na kwa wachache kuleta saratani. Hapa tungependa makungwi wasikie pia: shabu, ndimu, ugoro na sabuni za manukato ndani ya uke huchubua na kurahisisha maambukizi. Maji safi kwa nje yanatosha.

Mtoto akiota masundosundo, asipigwe wala asihojiwe na mtaa. Anaweza kuwa ameyapata wakati wa kuzaliwa, au kwa mikono ya mlezi mwenye chunjua. Anaweza pia kuwa amefanyiwa ukatili. Kazi ya mzazi ni kumfikisha hospitali bila kumpaka kitu, na hospitali ndiyo itakayoshirikiana na ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ikihitajika.

Kidonda kisichopona kwa wiki 4, kinyama kigumu kinachotoa damu chenyewe, au sundosundo linalokua licha ya dawa, litolewe kipande kikapimwe maabara. Hilo halisubiri mavuno.

Anayekuja kliniki asinyoe kwa siku chache kabla, asipake chochote, na aje na tyubu na vidonge vyote alivyotumia, hata maboksi matupu. Kama ugonjwa wake huja na kuondoka, apige picha kwa simu yake siku ulipo. Anayo haki ya kuomba chumba cha faragha na mhudumu wa jinsia anayoitaka pale anapopatikana. Zahanati na kituo cha afya ndiyo mlango wa kwanza. Zaidi ya hapo kuna hospitali ya Ligula hapa Mtwara, ya Sokoine kule Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Aulizie siku ya kliniki ya ngozi kabla ya kupanda gari. Baadhi ya matabibu wa ngozi nchini wamesomea kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa 1992, na wanaijua kazi hii hata wasipoitwa madaktari bingwa.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ilibadilishwa kuwa dozi moja, ikatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Lengo lake ni saratani ya shingo ya kizazi. Chanjo zenye aina mbili pekee hazizuii masundosundo. Zenye aina nne au zaidi huzuia. Hakuna inayoondoa yaliyokwisha kuota.

Mwisho, Mhariri, tuna ombi linalokuhusu wewe na wenzako wa redio. Matangazo ya "dawa ya masundosundo, siku 3 kwisha" yanalipiwa vizuri, tunajua. Kabla ya kulipokea, mdai mtangazaji namba ya usajili wa dawa yake kutoka TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama ni ya mitishamba, na uichapishe namba hiyo ndani ya tangazo lenyewe. Asiyekuwa nayo arudishiwe pesa yake.

Ni sisi,
Watoa huduma wa magonjwa ya ngozi,
Mtwara